MKONO WA CHUMA HUANZA NA CHAMA, HUISHA NA VITA

Ndugu wafanyakazi,

Kuna neno moja linalosemwa sana siku hizi, na sitaki lipite bila kujibiwa. Nimelisikia gatini Homa Bay, nimelisikia stendi ya magari Migori, na mwisho nimelisikia ndani ya mkutano wa wafanyakazi wenyewe. Neno lenyewe ni hili: "Nchi imechoka na maneno mengi. Twataka mtu mmoja tu, mwenye mkono wa chuma." Katika mkutano likageuzwa kidogo, likavikwa nguo ya adabu: "Uchaguzi wa tawi waleta mafarakano. Tuwaachie viongozi tulio nao mpaka mambo ya mshahara yaishe."

Maneno hayo ni mawili lakini mama yao ni mmoja. Mimi ni mtu wa reli, na elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni. Lakini kitabu cha historia hakikatazwi kwa mtu mwenye grisi mikononi. Nimesoma, nimeuliza wazee, na nimeona jambo moja ambalo kila mwanachama yafaa alijue: madikteta walioleta vita vya pili vya dunia walianza kwa kuvunja vyama vya wafanyakazi, kisha wakawatia wafanyakazi hao hao vitani. Basi tufuate habari moja moja.

TRENI ZA MUSSOLINI

Wapenda mkono wa chuma wana hadithi yao moja ya zamani: "Mussolini wa Italia alifanya treni zifike kwa saa yake." Hadithi hii ni yetu sisi watu wa reli, kwa hiyo tuijibu sisi.

Treni hufika kwa saa yake kwa sababu njia ni nzima, mataruma hayakuoza, taa za ishara zinawaka, injini imetengenezwa karakana, na dereva amelala usingizi wa kutosha. Hakuna hata moja ya hayo linalofanywa kwa hotuba. Reli za Italia ziliharibika katika vita vya 1914 mpaka 1918, na kazi ya kuzitengeneza ilikuwa imeanza kabla Mussolini hajashika serikali Oktoba 1922. Alichofanya yeye kwa watu wa reli ni kuwafukuza kazi kwa maelfu, na waliojulikana kuwa watu wa chama walikuwa mbele katika orodha.

Mei 1924 mbunge mmoja, jina lake Giacomo Matteotti, alisimama bungeni akaeleza jinsi kura zilivyopatikana kwa virungu. Siku chache baadaye alikamatwa njiani na watu wa Mussolini, akauawa. Mwaka 1926 ikatoka sheria: kugoma ni kosa la jinai, na chama cha wafanyakazi kinachotambuliwa ni kile cha wafuasi wa Mussolini tu. Magazeti mengine yakafungwa, vyama vingine vya siasa vikapigwa marufuku.

Sasa nawauliza, ndugu zangu. Treni ambayo hakuna mtu mwenye ruhusa ya kusema imechelewa, itachelewaje?

MEI MOSI YA HITLER

Tuje Ujerumani. Mwanzoni mwa 1933 watu wapatao milioni 6 hawakuwa na kazi. Njaa ilikuwa kweli, sitaki kuificha, maana dikteta hapandi mbegu yake katika shamba la walioshiba. Vyama vya wafanyakazi vya Ujerumani vilikuwa vikubwa, wanachama wao mamilioni. Lakini wafanyakazi waligawanyika. Wafuasi wa Social Democrats na wafuasi wa Wakomunisti walitukanana kuliko walivyompinga Hitler. Kila upande ulifikiri: huyu atapita, kisha zamu yetu.

Tarehe 30 Januari 1933 Hitler alifanywa waziri mkuu. Tazameni ujanja wake. Alitangaza kuwa Mei Mosi, sikukuu ambayo wafanyakazi walikuwa wameipigania miaka mingi, sasa itakuwa siku ya mapumziko yenye mshahara. Vyama vikafurahi, vikawaambia wanachama waandamane chini ya bendera zake. Waliandamana tarehe 1 Mei 1933. Asubuhi ya tarehe 2 Mei askari wake waliingia katika ofisi za vyama nchi nzima, wakachukua majengo, fedha na vitabu, wakawatia viongozi ndani. Badala yake kikawekwa chombo kimoja cha serikali, ambamo mwajiri na mwajiriwa walitiwa gunia moja, bila haki ya kugoma wala ya kujadili mshahara. Tarehe 14 Julai 1933 ikatoka sheria ya chama kimoja cha siasa. Tangu apewe madaraka mpaka siku hiyo ni siku 165 tu. Mtu aliyepanda mahindi aliposikia habari ya kwanza, alikuwa hajayamaliza kuyavuna.

Wanasema: "Lakini aliwapa watu kazi." Ndiyo, aliwapa kazi nyingi ya kutengeneza bunduki, mizinga na ndege za vita, na vijana akawapa kazi ya uaskari. Bunduki hailiwi. Mtu anayejaza ghala lake kwa bunduki na kutumia akiba ya nchi kwa bunduki, mwisho hana budi kwenda kutafuta chakula katika ghala la jirani. Hiyo ndiyo njia itokayo kwenye udikteta mpaka kwenye vita, wala si ndefu.

Japani nako wakubwa wa jeshi walikuwa wakiinyang'anya serikali ya kiraia madaraka, na huko mambo yalianzia kwenye reli. Usiku wa tarehe 18 Septemba 1931, karibu na mji wa Mukden katika nchi ya China, maofisa wa Kijapani walilipua kipande cha reli yao wenyewe, kisha wakasema Wachina ndio waliofanya. Baruti yenyewe ilikuwa ndogo hata treni ikapita pale baadaye kidogo bila kuanguka. Lakini uongo ulitosha. Walitwaa nchi nzima ya Manchuria, na mwaka 1937 wakaingia China yote kwa vita. Mwaka 1940 vyama vya wafanyakazi vya Japani vilivyobaki vikavunjwa, vikaingizwa katika chombo kimoja cha serikali. Mnaona nyayo ni zile zile.

UHABESHI, JIRANI YETU

Huenda mtu akasema: hayo ni ya Ulaya na Asia, sisi yatuhusu nini? Basi tazameni kaskazini ya Kenya, ng'ambo ya Moyale.

Mussolini alikuwa amewaahidi Waitaliani ukubwa, na ahadi ya ukubwa haijazi sufuria. Akatafuta mtu wa kumpiga. Akachagua Uhabeshi, nchi ya Afrika iliyokuwa imeishinda Italia katika vita vya Adwa mwaka 1896. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi yake yalivuka mpaka. Yalikuwa na ndege, mizinga na hewa ya sumu. Sumu hiyo ilimwagwa juu ya askari na juu ya vijiji, juu ya watu waliokwenda miguu mitupu.

Uhabeshi ilikuwa mwanachama wa Shirika la Mataifa kule Geneva, na sheria ya Shirika ilisema atakayempiga mmoja amewapiga wote. Wakubwa walifanya nini? Waliiwekea Italia vikwazo vya biashara, lakini mafuta hawakuyatia katika vikwazo hivyo, na mfereji wa Suez hawakuufunga. Meli za Mussolini zilipita pale zimejaa askari na silaha. Desemba 1935 mawaziri wa Uingereza na Ufaransa walikutana kwa siri wakapanga kumkatia Mussolini sehemu kubwa ya Uhabeshi. Siri ilipotoka magazetini ndipo wakaona haya. Mei 1936 mfalme Haile Selassie alipanda treni kutoka Addis Ababa mpaka Djibouti, akaenda uhamishoni. Tarehe 30 Juni alisimama Geneva, akawaonya wakubwa kuwa haki ya kila taifa dogo ilikuwa hatarini. Siku chache baadaye vikwazo viliondolewa. Wakimbizi wa Kihabeshi walivuka kuja Kenya, wakawekwa kambini Isiolo, kisha Taveta.

Kwa nini wakubwa hawakumzuia? Mimi nasema wazi: kwa sababu na wao walikuwa wameshika nchi za watu. Aliyekalia shamba la jirani hapigi kelele sana mwingine akivunja ua. Waafrika walioona mbali walipiga kelele wao. Mwaka 1935 London palikuwa na kamati ya kuitetea Uhabeshi, na Jomo Kenyatta alikuwa mmoja wao.

Madikteta walitazama Uhabeshi wakajifunza kuwa mwizi haadhibiwi. Kabla hata vita hivyo havijaisha, Machi 1936, Hitler alipeleka askari wake Rhineland, mahali mkataba ulipomkataza, na hakuna aliyemgusa. Machi 1938 alichukua Austria. Septemba 1938, huko Munich, Uingereza na Ufaransa zilimpa kipande cha Czechoslovakia bila ya kuwaita wenye nchi mezani. Machi 1939 akachukua Prague. Agosti 1939 akafanya mapatano na Stalin, dikteta mwingine, aliyekuwa amevifanya vyama vya wafanyakazi vya nchi yake kuwa mkono wa serikali. Wakaigawa Poland kwa siri. Tarehe 1 Septemba 1939 Hitler aliingia Poland, na tarehe 3 Uingereza na Ufaransa zikatangaza vita. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ulikuwa Uhabeshi, na ukuta uliwagharimu watu zaidi ya milioni 50.

VITA VIKAJA KWETU

Watu wa Migori na Homa Bay hawakuhitaji kuambiwa vita vya Ulaya hufika ziwani. Vita vya kwanza walivisikia kwa masikio yao. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka kutoka upande wa Tanganyika, wakaingia Kisii, na pakapiganwa vita tarehe 12. Huko Karungu meli zilipigana majini. Na meli za upande wa Waingereza zilikuwa zipi? Zilikuwa meli za reli! Reli haikufika Homa Bay wala Migori. Kwetu reli ilikuja kwa maji, kwa meli zilizotoka Kisumu, na meli hizo, Winifred na Kavirondo, zilitiwa mizinga. Wakuria waliokatwa na mpaka walijikuta ndugu huyu ni wa Mwingereza, ndugu huyu ni wa Mjerumani. Vijana wa Nyanza walichukuliwa kubeba mizigo katika Kariakoo, na makumi ya maelfu ya wabeba mizigo wa Afrika Mashariki hawakurudi. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na njaa, kuhara na malaria.

Kwa hiyo Hitler alipoanza kudai waziwazi arudishiwe makoloni ya Ujerumani, na Tanganyika ni mojawapo, halikuwa jambo la mbali. Angelipewa, jirani ya Migori angelikuwa yeye. Na namna alivyomhesabu mtu mweusi ilionekana Ufaransa Juni 1940: askari Waafrika wa jeshi la Ufaransa waliokwisha kutupa silaha walipigwa risasi na Wajerumani kwa mamia.

Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940. Mwezi wa Julai Moyale ya upande wetu ilikuwa mikononi mwa Waitaliani, na Oktoba ndege zao ziliangusha mabomu Malindi. Askari wa Keya walipigana mpaka Mogadishu, Februari 1941, mpaka Addis Ababa, Aprili 1941, na tarehe 5 Mei mfalme akarudi katika mji wake. Kisha wakapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani ikazama kwa dakika chache. Wakafa watu karibu 1,300, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Waafrika wa Kenya waliovaa sare katika vita hivyo walikaribia laki moja. Nani katika hao alipiga kura ya vita? Hakuna hata mmoja.

Na waliobaki nyumbani? Mwaka 1942 serikali ya kikoloni ilitoa amri ya kuwashika watu kwa nguvu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, kwa jina la vita. Mwaka huo huo wafanyakazi wa reli Mombasa waligoma kwa sababu bei zilipanda na mshahara ulisimama. Vita vilipokwisha, walowezi wapya waliotoka jeshini walipewa mashamba. Askari Mwafrika alirudi kwenye kipande.

Nayasema haya ili mtu asinijibu kwamba nawasifu Waingereza. Serikali iliyotawala Kenya bila kura yetu ilikuwa mkono wa chuma pia, na hatukuiondoa kwa kutafuta mkono mwingine wa chuma. Tuliiondoa kwa umoja, na vyama vya wafanyakazi vilikuwa mstari wa mbele. Tom Mboya, ambaye kwao ni Rusinga hapa Homa Bay, alishika kazi ya katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, ambapo vyama vya siasa vya Waafrika vilikuwa vimepigwa marufuku. Mlango wa siasa ulipofungwa, mlango wa chama cha wafanyakazi ulibaki wazi. Ndiyo sababu kila dikteta huukimbilia kuufunga.

SI WAZUNGU TU

Tusijidanganye kuwa ugonjwa huu ni wa Wazungu na Wajapani. Ziwa hili hili letu lilimwona Idi Amin. Alichukua Uganda kwa bunduki tarehe 25 Januari 1971, na wako waliomshangilia barabarani Kampala kwa sababu walikuwa wamechoka. Februari 1976 alidai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya kuwa ni ya Uganda. Oktoba 1978, mambo ya nyumbani yalipomshinda na askari wake wakianza kuasiana, alivamia Kagera katika Tanzania. Ni mwendo ule ule wa Mussolini: nyumba ikiungua, mwenye nyumba anakwenda kuchoma ya jirani. Kampala ilianguka Aprili 1979, na waliozikwa pande zote mbili ni wana wa wakulima na wafanyakazi.

Na sisi Kenya? Mwaka 1980 serikali ilifuta chama cha watumishi wa serikali. Juni 1982 ikaja sheria ya chama kimoja cha siasa. Mwaka 1988 watu wakapangwa mlolongo kupiga kura mbele ya macho ya chifu. Hatukufika kwenye vita, tumshukuru Mungu. Lakini tazameni mpango: chama cha wafanyakazi kwanza, vyama vya siasa vikafuata, kura ikawa ya mwisho. Ilitubidi kungoja mpaka Desemba 1991 sheria ile ifutwe, na watumishi wa serikali walingoja zaidi kupata chama chao tena.

MTU WA RELI ASIYE NA CHAMA

Nataka kuwaambia habari moja zaidi, maana ni yetu. Wakati wa vita Hitler aliamua kuwaua Wayahudi wote wa Ulaya, na wakauawa watu karibu milioni 6. Wengi wao walipelekwa kwenye kambi za kuulia kwa treni, wakiwa wamefungiwa katika mabehewa ya mizigo na ya ng'ombe. Treni hizo zilikuwa na ratiba. Zilikuwa na madereva, makarani, watu wa ishara. Zilikwenda. Watu wa reli wa Ujerumani hawakuwa na chama cha kusimama nyuma ya mtu mmoja atakayesema, "Hili behewa sivuti." Chama chao kilikuwa kimekufa tangu asubuhi ile ya Mei 1933.

Lakini Amsterdam, mji uliokuwa chini ya askari wa Hitler, tarehe 25 Februari 1941 watu wa tramu, wa bandari na wa karakana waligoma kwa sababu majirani zao Wayahudi walikamatwa. Waligoma siku mbili, wakapigwa risasi, wengine wakafungwa. Hawakushinda. Lakini walionyesha kuwa mfanyakazi aliyezoea kusimama pamoja na mwenzake anaweza kusema hapana hata mbele ya bunduki. Mazoea hayo hayapatikani siku ya hatari. Hupatikana katika mikutano ya kawaida, katika ubishi wa kawaida, katika kura ya kawaida ya tawi.

BASI TUFANYE NINI

Kwanza, uchaguzi wa tawi ufanyike siku yake kama katiba ya chama isemavyo. Kiongozi mzuri hapotezi kitu kwa kupigiwa kura. Atarudi na nguvu zaidi mbele ya mwajiri. Mbaya ndiye aogopaye. Na anayesema uchaguzi waleta mafarakano, aulizwe: je, kunyamaza ndiko umoja?

Pili, hesabu za fedha zisomwe mkutanoni, shilingi kwa shilingi, mbele ya wanachama wote. Anayeuliza swali asiitwe adui.

Tatu, tusigawanyike kwa kabila wala kwa chama cha siasa. Mluo, Mkuria, Msuba, Mkisii, yeyote, mshahara wake hukatwa kwa kalamu moja. Wajerumani waligawanyika, na tarehe 2 Mei 1933 walikutana wote gerezani.

Nne, chama kingine chochote kikionewa, cha walimu, cha wauguzi, cha watu wa sukari, lisiwe jambo lao peke yao. Mwenzako akinyolewa, chako tia maji. Katiba ya 2010, Kifungu cha 41, yatupa haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma. Lakini haki iliyoandikwa ni kama shoka lililotundikwa ukutani: halikati kuni mpaka lishikwe.

Tano, tuwafundishe vijana. Wao ndio wanaoambiwa kila siku kuwa dikteta mwema yupo, na wao ndio watakaovishwa sare siku dikteta huyo atakapotafuta jirani wa kumpiga.

Kwa hiyo, ndugu, mtu akija tena gatini au stendi na kusema nchi yataka mkono wa chuma, usimtukane. Mkalishe, mwulize maswali mawili tu: mkono huo utaanza kumkaba nani, na nani atakayetumwa kuufia? Akijibu kwa kweli, atajibu jina lake na jina lako.

UMOJA NI NGUVU. KURA NI NGAO.

Ni mimi ndugu yenu,
Mfanyakazi wa Reli, Homa Bay